Vidonge vya Kuoshea Vidonda

Mwaka wa pili baada ya Uhuru nusura niwaue watu nisiowajua, katika nchi ambayo mpaka leo sijaikanyaga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, niko nyumbani kwetu Bondeni nangoja majibu ya barua za kuomba kazi. Sikushika silaha. Nilishika kalamu na bakuli la gundi ya unga.

Vita vilikuwa vya Yemen. Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale ile ilikuwa habari ya jamaa. Huyu ana ami yake huko, yule ameoza binti huko, na barua za Aden zilitufikia kama zilivyotufikia barua za Lamu. Barua iliyotutoa majumbani aliletewa mwanamke mmoja wa Kibokoni, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye sote tulimwita Bi Mwalimu. Aliyeiandika ni nduguye wa kiume, mwenye duka Aden. Alieleza kwamba watu wanateremka kutoka milimani na majeraha ya mabomu, wengine wamelazwa juu ya milango iliyong'olewa, na kwamba nyumba jirani yake imefanywa pahali pa kuwauguzia. Wanaouguza ni wanawake wa mtaani. Dawa hakuna, na vidonda wanavifunga kwa vilemba vya maiti.

Bi Mwalimu aliisoma barua ile mbele ya wanawake waliokuja kwake kwa maulidi. Alipofika kwenye vilemba aliikunja, akasema, "Basi. Tusikae."

Kwa wiki tatu sebule yake ilijaa. Mfanyabiashara mmoja wa Biashara Street, Mhindi aliyezoea kuwauzia wanawake hao leso za harusi, alitoa majora matatu ya bafta, kitambaa chepesi cheupe. Mshonaji mmoja, mjane mwenye mikono myepesi kuliko yeyote niliyepata kumwona, alisimamia kukatwa kwa bendeji. Majora mawili yalikatwa yote, la tatu tukaliacha zima kwa sababu siku zilikuwa zinatuishia. Mwenye duka la dawa naye alitoa chupa arobaini na nane za vidonge. Hapo ndipo nilipoitwa mimi, kwa kuwa katika nyumba ile ni mimi pekee niliyesoma Kiingereza na pia nikaweza kuandika Kiarabu kwa hati ya kusomeka.

Chupa zote zilikuwa za rangi moja, kahawia, na kimo kimoja. Vidonge vyote vilikuwa vyeupe. Lakini thelathini na sita zilikuwa na vidonge vya kumeza, vya maumivu na homa, na kumi na mbili zilikuwa na vidonge vya kuyeyusha katika maji ya kuoshea vidonda. Mwenye duka la dawa alinishika bega nilipokwenda kuzichukua. "Hivi vya kuoshea, mtu akimeza ni sumu," aliniambia. "Umesikia? Sumu."

Nilisikia. Nilikata vikaratasi, nikaandika kwa Kiarabu. Vya kumeza niliviandika vingi, bila hesabu, maana chupa zenyewe zilikuwa nyingi. Vya kuoshea niliandika kumi na viwili kamili, na kila kimoja nilikiandika polepole: kwa kuoshea vidonda, haimezwi. Kisha nikaanza kuvibandika juu ya maandishi ya Kiingereza, ili wauguzaji wa kule wasichanganyikiwe na lugha wasiyoijua. Nilizitenga chupa mafungu mawili juu ya mkeka.

Nilipokuwa katikati ya kazi, aliingia jirani analia. Alikuwa amesikia kwamba kijiji cha shemeji yake kimepigwa na ndege. Sote tuliinuka tukamzunguka, nami pia niliinuka. Alipotulia, kahawa ililetwa, na mtu mmoja akazisukuma chupa kando apate pa kuwekea sinia. Niliporudi kwenye mkeka nilizipanga tena kama nilivyodhani zilikuwa, nikaendelea kubandika. Jioni ile makasha yalipigwa misumari. Kesho yake, Jumamosi, yalipelekwa Kilindini.

Jumapili alasiri nilikaa kwenye baraza yetu ya ndani, nikalifungua daftari nililokuwa nalo kwa Bi Mwalimu nipate karatasi ya barua. Vikaratasi viwili vikaanguka mapajani mwangu. Vyote viwili vilisema: kwa kuoshea vidonda, haimezwi.

Mwanzo sikufahamu. Nilivitazama, nikausifu hata mwandiko wake. Halafu nikaanza kuhesabu. Chupa za kuoshea zilikuwa kumi na mbili. Vikaratasi vilikuwa kumi na viwili. Ikiwa viwili vimebaki, basi chupa mbili za sumu zimebandikwa karatasi ya kusema humezwa.

Nilijipa kila udhuru. Huenda niliandika kumi na vinne. Huenda viwili hivi ni vya kujaribia kalamu. Nilifumba macho nikajiona nimeketi sebuleni kwa Bi Mwalimu, nikakata, nikaandika, nikahesabu kwa sauti ya chini, na kila nilipofika kumi na viwili nilikuwa sina yakini tena kama nilihesabu siku ile au ninahesabu sasa. Mama aliniita nile. Nilisema sina njaa. Akanigusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja.

"Waumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi mbona wanitazama kama mgeni?"

Nilitaka kumwambia. Kilichonizuia si mama, ni baba. Baba alikuwa karani wa bohari bandarini, na ni yeye aliyeyatafutia makasha yetu nafasi katika meli ya Aden bila malipo. Alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake, Mwafrika aliyekuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa kiti cha Mzungu, akatia sahihi kwamba anavijua vilivyomo na kwamba vimepangwa sawasawa. Hakuwa mtu wa kuomba. Nilimsikia akimwambia mama kwamba kwa miaka kumi na minane hajapata kumwomba mtu jambo pale kazini, na kwamba safari hii ameomba kwa sababu binti yake ndiye mwandishi.

Kwa hivyo nilinyamaza siku ile nzima. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilijua, na nikanyamaza kutoka alasiri mpaka asubuhi. Meli ilikuwa ipakie Jumatatu jioni.

Asubuhi nilipovaa buibui, miguu ilinipeleka Kibokoni kabla sijaamua. Bi Mwalimu alikuwa amekaa na yule mjane mshonaji, wanachagua mabaki ya vitambaa. Niliamkia, nikaviweka vile vikaratasi viwili mbele yao. Nilieleza yote, ila saa niliyoviona, nikitazama mkeka. Nilipomaliza, kutoka chuoni upande wa pili wa ukuta niliwasikia watoto wakisoma.

"Umemwambia nani?" Bi Mwalimu aliuliza mwisho.

"Sijamwambia mtu."

Mshonaji ndiye aliyekasirika. Alivishika vile vikaratasi akavigeuza, ingawa kusoma hakujua.

"Makasha yametiwa lakiri," alisema. "Sasa yuwataka twende tukawaambie watu wa forodha kuwa wanawake wa Mji wa Kale wamepeleka sumu? Nani atatupa tena hata uzi? Na huyu mwenyewe hana hakika. Asema huenda ziko, huenda haziko."

"Huenda ziko," alisema Bi Mwalimu.

"Chupa mbili katika arobaini na nane, dada yangu. Na hao ni watu wazima, wataonja, wataona si dawa yenyewe."

Bi Mwalimu aliinuka, akijishika magoti yaliyokuwa yakimuuma. "Mwenye homa haonji," alisema. "Aibu tutaila sisi. Ile dawa wataila wengine." Kisha akanigeukia. "Babako huja kula adhuhuri?"

"Huja."

"Twende kwenu."

Njia kutoka Kibokoni hadi Bondeni si ndefu, lakini kwa magoti yake tulichukua muda, na kila tulipopumzika kivulini nilihesabu saa zilizobaki. Nilimwomba aniachie nimwambie mimi. Alisema, "Utamwambia wewe. Mimi nitakaa tu, asije akakupiga kabla hujamaliza."

Baba hakupata kunipiga maisha yake, na sidhani Bi Mwalimu aliamini angenipiga. Lakini nilifurahi kwamba yupo. Baba alipoingia alikuta mgeni, akaamkiana na Bi Mwalimu kwa maamkizi marefu ya heshima, akauliza hali ya mwalimu, hali ya watoto, hali ya magoti. Akanawa mikono. Mama akaweka wali na samaki wa nazi. Mimi nikasimama mlangoni nikasema.

Nilimwona akiutazama mkono wake uliolowa maji, kana kwamba amesahau aliunawa kwa nini. Aliufuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja.

"Nimetia sahihi yangu," alisema.

"Najua, baba."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema asubuhi. Bi Mwalimu hakujua saa niliyoviona vikaratasi, na mama pia hakujua. "Jana alasiri," nilisema.

Wali ulikuwa ukipoa, mama amesimama na mwiko. Nadhani zile ndizo dakika nilizoziogopa kuliko zote, kwa sababu uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma tena barua aliyodhani ameielewa.

"Vaa viatu," alisema. "Wewe ndiye utakayesoma."

Tulipanda basi la kwenda Kilindini. Hakula, nami sikula. Njiani hakunisemesha ila mara moja, kuniuliza kama nina yakini kwamba maandishi ya Kiingereza bado yako chini ya karatasi zangu. Nikamwambia yako, nimebandika juu yake tu. "Basi tutajua," alisema, na lile neno moja lilinipa nguvu ya kushuka basini.

Sikuwa nimepata kuingia bandarini. Wapagazi walitupisha njia, wakamwamkia baba kwa heshima, kisha wakanitazama mimi na buibui langu. Katika bohari makasha yetu manne yalikuwa karibu na mlango, yamekwisha kupangwa kwenye foleni ya kupakiwa. Afisa wa forodha aliyeyatia lakiri alikuwa kijana wa bara, Mkristo, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Baba alimweleza. Kijana alitoa kofia yake akaiweka juu ya meza.

"Sasa mzee, nikivunja lakiri lazima niandike sababu," alisema. "Na nikiandika sababu, watauliza nani alisema vitu viko sawa."

"Andika ni mimi."

"Mkubwa wako hayupo. Anarudi saa kumi. Saa kumi ndio wanaanza kupakia."

"Ndiyo maana nimekuja saa nane," alisema baba. "Kosa ni la mwanangu, dhamana ni yangu. Wewe huna kosa. Lakini ukiyaacha yaende, na umeshaambiwa, tutakuwa watatu."

Hakusema kwa ukali. Kijana aliketi, akanigeukia mimi, akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ni mimi. Akauliza kama wanaopelekewa wanajua kusoma Kiingereza. Nikasema hawajui, ndiyo sababu. Aligonga gonga kalamu mezani.

"Mama yangu hajui kusoma kabisa," alisema. "Dawa anaijua kwa rangi ya chupa." Akachukua koleo, akavunja lakiri ya kasha la kwanza la dawa.

Dawa ilikuwa katika makasha mawili, ishirini na nne kila moja. Tulizitoa chupa tukazipanga sakafuni juu ya gunia. Kijana alileta kikombe cha maji na kitambaa. Nililowesha ncha ya kila karatasi, nikainyanyua kidogo mpaka neno la kwanza la Kiingereza lionekane, nikalisoma kwa sauti, baba akatazama Kiarabu cha juu. Vikilingana, kijana alipaka gundi ya ofisi kwenye ile ncha, akaibana kwa dole gumba. Hivyo hivyo, moja baada ya moja. Kasha la kwanza lilikwisha, na zote zililingana.

Nikaanza kuona haya ya namna nyingine. Niliwaza kwamba nimemwaibisha baba bure, kwamba kweli niliandika kumi na vinne. Nilimtazama, jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

Katika kasha la pili, chupa ya sita, nilinyanyua ncha ya karatasi iliyosema humezwa, na chini yake nikasoma neno la sumu. Baba aliichukua chupa ile mkononi mwangu akasoma mwenyewe, akaitenga mbali, karibu na mguu wa meza. Ya tisa ilikuwa vivyo hivyo.

"Mbili," alisema kijana, akatazama saa. Nje winchi ilikuwa imeshaanza kuvuma. "Mlisema mbili. Tufunge?"

Baba alinitazama. Alikuwa tayari kufunga, niliona. Wapagazi wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanangoja, na vile vikaratasi vyangu viwili vilikuwa vimepata wenyewe. Hesabu ilikuwa imekamilika. Lakini mimi sikuiamini tena hesabu yangu.

"Tumalize zote," nilisema. "Tafadhali."

Kijana alishusha pumzi, akachovya kitambaa. Chupa ya kumi na moja ililingana. Ya kumi na tano ililingana. Ya kumi na tisa ilikuwa sumu, na juu yake mwandiko wangu mzuri ukisema humezwa mara tatu kwa siku.

Ya tatu. Hata leo, nikiwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikilikumbuka gunia lile na chupa ile, huacha nilichoshika. Tulipofika mwisho tukaelewa ilivyokuwa: chupa moja ya dawa ya kumeza ilikuwa imebandikwa karatasi ya kuoshea, ndiyo maana vikaratasi vilivyobaki vilikuwa viwili, si vitatu. Chupa ile isingemdhuru mtu. Ile ya kumi na tisa ingedhuru.

Nilibandua karatasi za makosa nikaandika nyingine kwenye meza ya forodha, kwa kalamu ya kijana yule, baba amesimama nyuma yangu anasoma kila herufi. Makasha mawili ya bendeji na bafta yaliondoka na meli ya siku ile. Ya dawa yalibaki, kwa kuwa ilibidi yaandikiwe upya na mkubwa, yakaenda na meli iliyofuata siku kumi baadaye. Siku kumi watu wale walikaa bila dawa kwa sababu yangu. Hilo pia sikulisahau.

Baba aliitwa na mkubwa wake kesho yake. Aliporudi, mama aliuliza kumesemwa nini. Alijibu kwamba ameambiwa mara nyingine asimtilie sahihi mtu yeyote, hata akiwa damu yake. Kisha akavua viatu. Kwangu hakusema kitu, si siku ile wala baadaye, na nilijifunza kukaa na ule unyamavu wake bila kuuliza maana yake.

Majibu ya Aden yalichelewa. Wiki zilipita, nami nilikuwa nikienda Kibokoni kila baada ya siku mbili kumuuliza Bi Mwalimu kama kuna barua. Nilikuwa nimeziona chupa zote kwa macho yangu, lakini usingizini niliiona ya arobaini na tisa. Nilianza kusoma kila kitu mara mbili: bei dukani, jina juu ya bahasha, hata sura niliyoihifadhi tangu utotoni niliifungua msahafuni nihakikishe.

Barua ilipofika, Bi Mwalimu alituita wote. Nduguye aliandika kwamba makasha manne yamefika. Dawa imegawiwa, na wauguzaji wanamwombea dua aliyeandika Kiarabu kile, kwani wamekielewa bila kumuuliza mtu. Uso uliniwaka, nikatazama chini. Halafu akaendelea kusoma. Bendeji zilikwisha katika siku nne. Na lile jora la bafta ambalo hatukulikata, walikuwa wamekusudia kulikata wenyewe kwa vidonda, lakini siku ya kulikata waliletwa watu kutoka kijiji kimoja ambao hawakuhitaji bendeji. Wengi wao watoto. Jora zima lilitumika kuwa sanda, na halikutosha.

Mshonaji, yule mjane, alijifunika uso kwa leso. Alikuwa amelipima jora lile kwa mikono yake, akaliacha zima kwa kukosa muda, na nadhani kila mtu sebuleni aliliwaza hilo bila kulisema. Bi Mwalimu aliiweka barua chini ya mto wa kiti. Hatukulia kwa sauti. Mtu mmoja aliuliza kama yule Mhindi wa Biashara Street atakubali kuombwa tena, na mwengine akasema ataombwa, akikataa amekataa.

Alitoa majora manne. Mwenye duka la dawa naye alitoa tena, safari hii chupa sitini. Nilimwambia Bi Mwalimu amtafute mtu mwengine wa kuandika. Alisema hakuna mtu mwengine, akanipa kalamu.

Nilichovya kalamu, nikaishika juu ya karatasi bila kuandika hata wino ukadondoka. Ndipo mshonaji alipoinuka kutoka kwenye vitambaa vyake akaja kukaa kwenye mkeka wangu, akaniambia nimwonyeshe lile neno la Kiingereza la sumu. Nilimwandikia kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi: POISON. Alilitazama sana, akalifuatisha kwa kidole.

"Hii ya kwanza kama kigingi chenye tumbo," alisema. "Hii ya pili kama pete."

"Ndiyo."

"Basi nipe chupa."

Tukaanza. Mimi nilisoma, yeye akatazama kigingi na pete. Kila chupa aliishika mwenyewe kabla haijaingia kashani, na ilipopita sinia ya kahawa aliwaambia waipeleke chumba kingine.